Kuhamisha Matini Bila Kuipoteza Historia Yake

Fizi na Baraka ziko ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, ambalo misafara ya karne ya 19 ililivuka ikielekea Kasongo na Nyangwe. Kiongozi mashuhuri wa misafara hiyo, Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Heinrich Brode aliyahamishia katika hati za Kilatini na kuyachapisha Ujerumani mwaka 1902 na 1903.

Kazi hiyo haikuwa kunakili tu. Hati za Kiarabu zina alama tatu za irabu fupi, hali Kiswahili kina irabu tano. Umbo moja laweza kusomwa "mtu" au "mto", "tua" au "toa"; mwenye kuhamisha hana budi kuchagua. Basi baadhi ya irabu tuzisomazo leo ni uamuzi wa Brode, na anayezitumia kama ushahidi wa lahaja yampasa kulikumbuka hilo.

Waandishi wa programu za kompyuta, wanapohamisha ghala kuukuu la matoleo kutoka CVS hadi Git, iliyoanza mwaka 2005, hujitahidi kulinda jina la kila aliyebadili, tarehe na maelezo yake. Kanuni hiyo yatufaa sisi tukusanyao masimulizi ya wazee wa Fizi: sauti ihifadhiwe, nakala ya kwanza isifutwe, kila sahihisho liwe na mwenyewe. Matini iliyosafishwa bila kumbukumbu hiyo husomeka vizuri, lakini haiwezi tena kuhojiwa.