Kazi za serikali: hakuna mtihani mmoja, lakini milango ni mingi

Kila tangazo la kazi za serikali likitoka, simu yangu haitulii. Mpigaji huwa ni mzazi wa Majengo, Lamu au Msambweni, na swali ni lile lile: "Huo mtihani wa serikali ni lini, kijana aje Nairobi?" Ninakaa Muthangari, karibu na Waiyaki Way, na kwa miaka sasa chumba changu cha wageni kimekuwa kama stesheni ya vijana wa Pwani wanaokuja kwa mahojiano. Nimewaona waliofaulu na waliorudi mikono mitupu. Haya hapa chini ni yale ninayowaambia wote, nimeyaandika ili nipunguziwe simu kidogo.

Kwanza, Kenya haina mtihani mmoja wa taifa wa kuingilia serikalini. India wanao, wa maandishi kwa awamu na mahojiano mwishoni, na maelfu kwa maelfu huufanya kila mwaka. Majirani zetu Tanzania pia huwafanyisha waombaji usaili wa maandishi. Sekretarieti ya Ajira inatangaza nafasi, waliochaguliwa wanaitwa kwenye mchujo, na wanaopita ndio wanaokwenda kwenye vitendo au mahojiano ya ana kwa ana. Uganda nao, kwa nafasi za wahitimu, Tume yao huwapima watu kwa mtihani kabla ya kuwahoji. Mwenye jamaa Tanga au Unguja huyasikia ya kule akadhani na huku ni hivyo hivyo. Sivyo. Kwetu mchujo mkubwa hufanyika kwenye makaratasi, kabla hujamwona mtu yeyote, na ndipo wengi wetu tunapoangukia.

Pili, serikali si mwajiri mmoja. Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo afisi zake ziko Commission House, Harambee Avenue, inashughulikia wizara na idara za serikali kuu. Kwa Katiba ya 2010 ina mwenyekiti, naibu wake na wanachama saba, nao huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa. Walimu wana tume yao, na Mahakama na Bunge wana zao. Polisi wana tume yao pia na masharti yao: umri wa miaka 18 hadi 28, alama ya D+ katika KCSE, na D+ hiyo iwe pia kwenye Kiingereza au Kiswahili. Kisha ziko kaunti. Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, kila moja ina Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti, na ombi ulilopeleka Nairobi halifiki huko. Nimewahi kukaa na kijana aliyesubiri miezi minne majibu ya kazi ya uuguzi wa kaunti kutoka kwa Tume ya Nairobi. Aliambiwa na rafiki yake kwamba "yote ni serikali."

Nani anastahili

Sharti la mwanzo ni uraia, na uraia kwa afisi huonyeshwa kwa kitambulisho. Watu wa bara hulipita sharti hili bila kulifikiria. Sisi tunajua uzito wake. Wamakonde wa Kwale walikaa vizazi bila vitambulisho hadi serikali ilipowatambua na kuwapa miaka ya 2016 na 2017. Wapemba wa Kilifi na Kwale walisubiri hadi 2023. Kijana aliyepata kitambulisho akiwa na miaka 25 ameshapoteza miaka saba ya matangazo, na kwa polisi amebakiwa na muda mchache tu. Kwa hivyo mtoto akitimiza miaka 18, mpelekeni siku hiyo hiyo. Msingoje amalize skuli.

Elimu hutegemea ngazi. Karani wa ngazi ya chini huombwa KCSE ya wastani wa C. Wenye shahada huingia kwenye yale makundi ya kazi yanayojulikana kwa herufi, mara nyingi J au K. Kati yao kuna stashahada na vyeti vya ufundi. Ninachowasisitizia watu ni kusoma tangazo neno kwa neno. Likisema shahada ya sayansi ya jamii na miaka mitatu katika cheo fulani, mwenye shahada na miaka miwili hatajadiliwa. Anayechuja hana ruhusa ya kumhurumia.

Wapo wenzetu waliosoma Madina, Khartoum, Cairo au Zanzibar. Shahada zao ni halali, lakini lazima zitambuliwe rasmi hapa Kenya na kulinganishwa na za kwetu, na kazi hiyo huchukua muda. Anayengoja tangazo ndipo aanze kutafuta utambuzi amechelewa. Fanya hivyo mara tu unaporudi. Wala usishawishike na mtu wa kukutengenezea cheti, hata kile cha kujaza pengo dogo. Mwaka 2024 Tume ilitangaza kwamba ukaguzi wake umegundua vyeti vya kughushi zaidi ya 2,000 miongoni mwa wafanyakazi wa umma. Wengine walikuwa kazini miaka mingi.

Kuna na yale mambo ya uwakilishi, ambayo watu wetu huyazungumza sana barazani na kuyatumia kidogo. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka ushindani wa haki na ustahiki, lakini pia kinataka utumishi uonyeshe jamii mbalimbali za Kenya, na nafasi sawa kwa wanaume, wanawake, makabila yote na watu wenye ulemavu. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Kwa kaunti, sheria ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la hapo. Mwenye ulemavu ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwani bila nambari ya usajili ni vigumu kuthibitisha.

Fomu ya maombi itakuuliza kabila na kaunti ya nyumbani. Hapa nina ugomvi na watu wetu. Mswahili wa Siyu au wa Mji wa Kale anafika kwenye sehemu hiyo anaandika "nyingine", au anaandika kabila la mjomba wake akidhani litamfaa. Halafu takwimu zikitoka tunalalamika hatuonekani. Andika ulivyo.

Safari ya ombi lenyewe

Wizara ikiwa na nafasi huiarifu Tume. Tume hutangaza magazetini na kwenye tovuti yake, na maombi hupelekwa kwa mtandao, publicservice.go.ke au psckjobs.go.ke. Muda wa kuomba huwa mfupi, mara nyingi wiki mbili au tatu. Hakuna ada. Narudia, hakuna ada yoyote, si ya fomu wala ya "kufungua faili". Na kumtafuta mkubwa akusemee ni kosa linalokuondoa, matangazo yenyewe yameandika hivyo. Najua kuna watakaocheka wakisoma sentensi hii. Nami siwezi kuapa kwamba hakuna aliyewahi kupita kwa mgongo wa mtu. Ila wengi niliowaona wakitoa pesa walitapeliwa na watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na Tume, barua ya ajira ikiwa na muhuri wa kuchongwa mtaani.

Baada ya tarehe ya mwisho hufuata mchujo. Wasiotimiza masharti huondolewa, waliobaki hulinganishwa, na orodha ya walioteuliwa kuhojiwa huwekwa kwenye tovuti pamoja na siku na saa. Usingoje kupigiwa simu. Fungua akaunti yako, angalia orodha, na uhakikishe nambari ya simu uliyoandika ni ile unayoitumia kweli, si laini uliyompa dada yako.

Siku ya mahojiano hutakiwa uende na kitambulisho na vyeti vyako vya asili. Na hapa nije kwenye jambo linalonikereketa kuliko yote, kwa sababu limemwangusha mpwa wangu mwenyewe.

Kitambulisho chake kinasema Mohamed Ali Omar. Cheti cha kidato cha nne kinasema Muhammad Ali. Cheti cha chuo kikaandikwa Mohammed A. Omar. Kwetu sisi ni jina moja, la Mtume, na hakuna anayeuliza lina "m" ngapi. Kwa karani wa idara moja aliyekaa naye mezani, walikuwa watu watatu. Alitakiwa athibitishe papo hapo kwamba ni mtu mmoja, naye hakuwa na karatasi yoyote. Alirudi Muthangari jioni ile akaketi kwenye kochi bila kuvua viatu. Nilimwekea chai ikapoa. Alikuwa amesafiri kwa basi la usiku kutoka Mwembe Tayari, amekopa koti la rafiki, na hakuulizwa swali hata moja la kazi.

Dawa yake ilikuwa rahisi, na ndiyo inayouma. Ukiwa na tofauti ndogo za herufi, nenda kwa wakili uape hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni yako, na uitembeze pamoja na vyeti. Ikiwa jina limebadilika kabisa, itabidi ufuate njia rasmi ya kisheria ya kubadili jina na kulisajili. Kina dada walioolewa na kuandikisha jina la mume kwenye kitambulisho wabebe na cheti cha ndoa. Na wazazi, mnapomsajili mtoto kwa mtihani skuli, chukueni cheti cha kuzaliwa muandike herufi kwa herufi, majina yote matatu. Msimwachie mwalimu akisie.

Mahojiano yenyewe huwa ni jopo la watu kadhaa, kila mmoja na karatasi ya alama. Wanauliza kazi yako, wanauliza Katiba, hasa maadili ya kifungu cha 10 na cha 232, na wanataka kujua wizara unayoiomba inafanya nini. Vijana wetu wanajua kusema, Alhamdulillahi, lakini wengine huzunguka sana kabla ya kufika. Ukiulizwa, jibu swali kwanza, salamu na utangulizi vipungue.

Kuna vile vyeti vitano vya Sura ya Sita: cheti cha maadili mema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, uthibitisho wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, wa Mamlaka ya Ushuru, wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na wa afisi za rekodi za mikopo. Zamani kijana alivigharimia vyote kila anapoomba. Sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa mwajiri hutakiwa kuviitisha pale anapokusudia kukuajiri. Hata hivyo usikae bila kujua hali yako. Alama za vidole za cheti cha maadili unaweza kuzichukuliwa kwenye Huduma Centre ya Mombasa, huna haja ya kupanda Barabara ya Kiambu. Na deni la mkopo wa elimu, hata kama huna kazi, nenda ukazungumze nao mapema.

Ukiitwa kazini, barua ya uteuzi hufuatwa na kipindi cha majaribio, ambacho kwa kawaida hakizidi miezi sita. Sasa ndipo mitihani inapokuja. Tume huendesha mitihani ya ndani, kama ule wa umahiri wa makarani na ule wa maafisa wa utawala, na kupanda cheo hutegemea hiyo pamoja na kozi za Chuo cha Serikali cha Kenya. Wengi wanakijua chuo hiki kwa Lower Kabete tu, hali kina kampasi Mombasa na Matuga pia.

Kwa waliomaliza chuo kikuu na hawajawahi kufanya kazi, kuna mpango wa mafunzo kazini wa Tume, ulioanza 2019. Ni miezi 12, hauongezwi, na hauahidi ajira mwishoni. Posho iliyozoeleka ni shilingi 25,000 kwa mwezi, ambayo kwa mwenye kupangishwa nyumba Nairobi huisha kabla mwezi haujafika nusu. Lakini unaweza kupangiwa kituo karibu na kwenu, na mwaka ule huhesabika unapoandika uzoefu wako. Nawashauri waombe.

Ukiona hukutendewa haki, usiishie kunung'unika. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba maelezo kwa maandishi, na afisi ina siku 21 za kujibu. Malalamiko ya kaunti yanaweza kukatiwa rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Mpwa wangu ameshaapa hati yake. Ameituma tena, safari hii kwa bodi ya kaunti, na ile karatasi ya wakili ameitia plastiki.