Sayari ya Ukungu wa Bei Nafuu

Ukitaka kuisoma Splinter of the Mind's Eye kwa haki, itabidi usahau karibu kila unachokijua kuhusu Star Wars. Sahau kwamba Darth Vader ni baba yake Luke. Sahau kwamba Luke na Leia ni ndugu, tena pacha. Riwaya hii ya Alan Dean Foster ilitoka mwaka 1978, wakati filamu ilikuwa moja tu, na ndani yake Luke anamtazama Leia kwa macho ambayo sisi tuliokuja baadaye tunayaonea aibu kwa niaba yake.

Nimeisoma mara tatu. Kama kazi ya fasihi siwezi kuitetea sana. Sentensi za Foster zimevaa vivumishi kama mtu anayeogopa baridi, na mashujaa wake wawili wanagombana mno, hadi kufikia kuangushana kwenye matope. Lakini mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika historia, na kwa jicho hilo kitabu hiki kina thamani ambayo riwaya bora kuliko hiki hazina.

Kilizaliwa na wasiwasi wa fedha. Foster ndiye aliyeandika riwaya ya filamu ya kwanza, iliyochapishwa Novemba 1976 kwa jina la George Lucas, miezi kadhaa kabla filamu yenyewe haijaonyeshwa tarehe 25 Mei 1977. Mkataba wake ulikuwa wa vitabu viwili, na cha pili kilikuja na sharti: kiwe hadithi inayoweza kugeuzwa filamu kwa gharama ndogo, endapo ya kwanza itapata watazamaji wa wastani. Ndiyo maana karibu kila kitu kinatokea Mimban, sayari ya vinamasi na ukungu. Ukungu ni rahisi. Ukiwa nao huhitaji kujenga mji nyuma ya waigizaji. Foster alikuwa amefungua hadithi kwa vita vya angani. Lucas akaviondoa kwa sababu vingekuwa ghali. Han Solo hayumo kabisa, kwa kuwa Harrison Ford alikuwa hajasaini kuigiza katika mwendelezo wowote.

Kisha filamu ikavunja rekodi za mapato, na mpango wa bei nafuu ukakosa kazi. The Empire Strikes Back ikaja mwaka 1980 ikiwa na bajeti ya kutosha kujenga chochote.

Hapo ndipo ninapokipenda kitabu hiki. Jambo likishafanikiwa, sote tunalisimulia kana kwamba lisingeweza kushindwa. Watu waliokuwepo tunawapachika uhakika ambao hawakuwa nao. Splinter haiwezi kupachikwa uhakika huo, kwa sababu woga umo katika kila ukurasa wenye ukungu. Ni shahidi aliyetoa maelezo yake kabla ya kusikia hukumu, na mashahidi wa aina hiyo ni wachache kwenye nyaraka ninazozisoma.

Halafu nafika kwenye wenyeji wa Mimban, na mapenzi yanapungua.

Dola imefungua mgodi wa siri pale. Sehemu ya wenyeji wamezoeshwa pombe na wachimbaji, wanaowaita kwa jina la dharau litokanalo na rangi yao ya kijani, na mmoja wao anadhalilishwa mbele ya Luke ili apewe kinywaji. Tukio hilo halikunishangaza. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, mwishoni mwa karne ya 19, wenye migodi waliivumilia pombe kali kwa sababu kibarua kutoka Msumbiji aliyeacha mshahara wake kilabuni hakuwa na akiba ya kurudia kwao. Walipoona wengi hawafiki kazini kwa ulevi, ndipo wakaanza kudai ipigwe marufuku. Foster ameligusa jambo la kweli kabisa: pombe kama mnyororo wa kazi. Na ameliacha hapohapo. Luke anakasirika, hadithi inasonga, na yule mwenyeji hatujui aliamkaje kesho yake.

Anachotupa badala yake ni Wacoway, watu wa chini ya ardhi ambao hawajaguswa na pombe. Hao wanawapiga askari wa Dola vibaya sana, na sura hiyo inasisimua, sikatai. Ila kwanza Luke lazima apigane na shujaa wao ndipo yeye na wenzake waaminiwe. Na mgawanyo wenyewe unanikera: walioko mgodini ni wa kuhurumiwa, walioko pangoni ni wa kusifiwa. Historia ya migodi imejaa watu waliokuwa vyote viwili, walevi Jumamosi na wagomaji Jumatatu.

Mwaka 2014 kampuni ya Lucasfilm, ambayo Disney ilikuwa imeinunua mwaka 2012, ilitangaza kwamba riwaya za zamani sasa zitaitwa hekaya na hazihesabiki tena kama matukio ya kweli ya ulimwengu ule. Hata hivyo Mimban ilirudi katika filamu ya Solo ya 2018, ukungu wake na matope yake vikiwemo. Mwaka 2020 Foster, akisaidiwa na chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi cha Marekani, alilalamika hadharani kwamba tangu ununuzi ule halipwi mrabaha wa vitabu vyake, hiki kikiwemo. Baadaye walifikia makubaliano. Kitabu kilifutwa kama historia, lakini kiliendelea kuuzwa.

Nakala yangu sasa anayo mwanafunzi mwenzangu, dada ambaye hajawahi kutazama hata filamu moja ya Star Wars na hana mpango huo. Nilimpa kwa makusudi, nikamwomba asitafute chochote mtandaoni. Jana usiku alinitumia ujumbe. Vader ameshaanguka shimoni, kafika kurasa za mwisho, na ana swali moja tu: "Sasa hawa wawili wanaoana lini?"

Sijamjibu bado.