Shamba Lililolazwa: Namna Pori la Fizi Lilivyokuwa Linarudi

Mtu akisimama Misisi asubuhi, mbele vumbi la pikipiki halijapanda, anaona upande wa mashariki milima ya Ngandja na Kabobo inayotutenga na Ziwa Tanganyika. Kule juu pori lingali zito. Huku chini, kuzunguka machimbo ya zahabu, ni mashimo, matope na majani makavu. Vijana waliokulia katika zahabu wanadhani kwamba pori likikatwa limekwisha. Wazee wetu hawakufikiri hivyo, na walikuwa na sababu.

Mubembe wa zamani alifyeka kipande cha pori, akachoma, akalima miaka miwili au mitatu, halafu akahamia kipande kingine. Kile cha kwanza kililazwa. Wakubwa wengi wa utawala wa Kibelgiji waliona hiyo ni uharibifu na uvivu. Lakini tutazame vizuri kilichokuwa kinatendeka pale. Jembe la mkono halikung'oa visiki, kwa hiyo vingi vilichipuka tena. Miti mikubwa mingine iliachwa imesimama katikati ya shamba, maana kuikata kwa shoka ni kazi ya kuvunja mgongo, na ndege waliotua juu yake waliangusha mbegu. Pori lenyewe halikuwa mbali. Hondohondo, popo, sokwe na tembo walikula matunda upande huu na kuacha mbegu upande ule. Mwaka wa kwanza yalitawala majani. Halafu ukaja ule mti wa majani kama mwavuli, ambao waliosoma Kifaransa wanauita parasolie: unakua mbio sana, mbao yake nyepesi haina faida kubwa, na baada ya miaka kama ishirini unakufa. Watu huudharau. Lakini chini ya kivuli chake ndiko inakoota miti migumu, ile inayokaa miaka mia na zaidi.

Wenye elimu walichukua muda kulielewa jambo hili. Pale Yangambi, karibu na Kisangani, Wabelgiji walianzisha mwaka 1933 taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC. Waliojaribu kulima pori kwa namna ya Ulaya waliona udongo unachoka upesi. Mwishoni wakatengeneza mpango wa mashamba marefu kama njia, upana wa metre 100 hivi, yakipishana na pori ili mbegu zisikose pa kutoka, na kila shamba lilazwe miaka mingi. Tukiondoa vipimo na karatasi, ni shamba la babu! Tofauti ni kwamba babu alichagua mwenyewe mahali pa kulima, na mkulima wa mpango alipangiwa.

Mwaka 2021 wanasayansi wa nchi nyingi waliandika matokeo ya kulinganisha mapori yaliyorudi yenyewe katika sehemu 77 za Amerika ya joto na Afrika ya Magharibi. Waliona kwamba udongo unapona ndani ya miaka 10 hivi. Umbo la pori na wingi wa aina za miti huchukua miaka 25 mpaka 60. Lakini kupata uzito uleule wa miti, na aina zilezile zilizokuwapo kwanza, ni zaidi ya miaka 120. Nasoma hesabu hiyo namna hii: shamba lililolazwa miaka kumi na tano linaweza kulimwa tena, lakini pori halisi halirudi katika maisha ya mtu mmoja.

Sisi watu wa Fizi tulilazimishwa kulifanya jaribio hilo pasipo kupenda. Uasi wa 1964 na 1965, halafu vita vya 1996 na 1998, viliwatoa watu katika vijiji. Wengi walivuka ziwa wakakaa Nyarugusu na Lugufu, kule Tanzania. Waliporudi kupitia Baraka kuanzia mwaka 2005, shamba lililoachwa miaka karibu kumi lilikuwa kichaka chenye miti kupita kichwa cha mtu. Mwaka 2007, wachunguzi wa shirika la WCS waliingia katika pori la Misotshi-Kabogo, ambalo wanasayansi hawakulifikia tangu 1960. Walikuta pori bado zima kwa sehemu kubwa, pamoja na aina sita za wanyama ambazo hazijaandikwa popote: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili. Sitaki mtu aseme kwamba vita ilitunza pori. Bunduki ileile ilimaliza wanyama, na pori lisilo na tembo wala sokwe linakosa wapanzi wake.

Shimo la zahabu ni jambo lingine kabisa. Shamba huacha udongo, mizizi na visiki mahali pake. Mchimbaji hugeuza yote: udongo mweusi unakwenda na maji, mawe na mchanga vinabaki juu. Kule Guyana, utafiti uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kwamba ndani ya mashimo yaliyoachwa, hata baada ya miaka mitatu au minne, karibu hakuna mti uliorudi, kwa sababu udongo umekosa chakula. Dawa inajulikana: udongo wa juu uwekwe kando mbele ya kuchimba, na shimo lifukiwe nao. Lakini mchimbaji anayekula kwa alichopata leo, nani atamlipa siku ya kufukia? Kupanda kalitusi juu ya mawe hayo, kama wengine wanavyoshauri, kunaweza kutupa makala ya kupikia siku moja. Pori ni habari nyingine.

Tena kuna shauri la mipaka. Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006, na mipaka yake ikabidi kujadiliwa upya na wenyeji. Ya Kabobo ilifuata mwaka 2016. Katika picha zinazopigwa kutoka angani, shamba lililolazwa linaonekana kama pori lisilo na mwenyewe. Aliyerudi kutoka Tanzania analijua tatizo hilo pasipo kutazama picha yoyote, maana wengine walikuta jirani amekwisha kulima. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba pori lao wenyewe, mpaka hekta 50.000, na ombi linataka ramani. Ramani hiyo inahitaji mtu wa kusimama ndani ya kichaka na kusema: hapa ni kwa fulani, palilimwa mpunga mbele ya vita, kisiki chake ni kile. Watu hao bado wako, Misisi na Lulimba, na wengi wao sasa wanatembea kwa fimbo.