Makanisa ya Miti na Udongo: Urithi na Utunzaji Wake

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka 100 ya usharika wetu, wapo wasemao kwamba kanisa letu la kwanza, lililojengwa kwa miti na udongo, limekwisha kutimiza kazi yake, libomolewe. Kabla ya kukata shauri, yafaa tuitazame historia ya ndugu zetu Walutheri wa Silesia, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo Polandi.

Mapatano ya Westphalia ya mwaka 1648 yaliwaruhusu kujenga makanisa matatu tu, katika miji ya Głogów, Jawor na Świdnica. Kaizari, aliyekuwa Mkatoliki, aliweka masharti: yawe nje ya kuta za mji, bila mnara, ya miti, udongo na majani makavu, na yakamilike katika mwaka mmoja. Kanisa la Głogów liliteketea mwaka 1758. Yale ya Jawor na Świdnica yangali yamesimama, na mwaka 2001 yaliingizwa katika Urithi wa Dunia. Baada ya mwaka 1945 Walutheri waliobaki huko walikuwa wachache. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa Polandi na Ujerumani wameshirikiana kuyakarabati.

Katika ujenzi wa namna hii nguzo na mihimili hubeba jengo, na udongo hujaza nafasi zilizo kati. Udongo hunyonya unyevu na kuuachia, hivyo mti hukauka. Ukipigwa plasta ya saruji, maji yapenyayo nyufani hukosa njia ya kutoka, na mti huoza ndani kwa ndani. Kwa hiyo ukarabati ulio bora ndio pia wa gharama nafuu: paa lisivuje, nguzo iliyooza chini ikatwe hapo tu na kuungwa mti mpya, udongo wa zamani ulowekwe, ukandikwe tena.

Nyumba kama hizo za Ulaya zina adui mwingine, baridi. Mafundi huanza kwa kuziba nyufa na kufunika dari, maana joto jingi hupotelea juu. Kisha hukandika udongo juu ya tabaka jembamba la mbao za nyuzinyuzi upande wa ndani. Makanisani ni heri kupasha joto viti kuliko jengo zima, kwa kuwa joto la ghafla hupasua mbao na kuharibu kinanda.

Sisi hatuna theluji. Tuna mvua na mchwa. Basi wazee wa kanisa wapande kwanza darini, wakague na miguu ya nguzo, ndipo waamue.