Usimwambie Ajikaze

Mjamzito wa Vudee, katika milima ya Upare, ambaye mwezi wake wa tisa utaangukia masika hahitaji daktari wa akili kumweleza kwa nini anakosa usingizi. Njia ya kushuka Bangalala hadi Makanya, kwenye lami, ni mteremko, na mvua ikinyesha ni tope. Uchungu ukianza usiku, hospitali ya wilaya pale Same inakuwa mbali kuliko ilivyo mchana. Hofu yake ina barabara, ina saa, ina nauli ya bodaboda.

Tabibu Mfaransa Louis-Victor Marcé aliandika mwaka 1858 kwamba wenye mimba ya kwanza huogopa maumivu wasiyoyajua, na waliokwisha kuzaa huogopa yale wanayoyakumbuka. Mwaka 2000, huko Uingereza, Kristina Hofberg na Ian Brockington wakachapisha utafiti wa wanawake 26 ambao hofu yao ilipita kiasi. Baadhi yao walikwepa mimba ingawa mtoto walimtaka. Hali hiyo waliiita tokofobia, woga wa kuzaa usio na sababu.

Usio na sababu kwa nani? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria kuwa Tanzania ilipoteza akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Ni nafuu kubwa, hata tukikumbuka kwamba makadirio ni makadirio. Ila hofu haisomi takwimu. Binti wa leo husimuliwa uzazi na shangazi aliyezaa zamani, na habari za shangazi ni za zamani hizo: huyu alimwaga damu mpaka alfajiri, yule alibebwa kwa machela akaishia njiani. Kwa hiyo ipo kweli hofu ambayo sababu yake imepungua na yenyewe haikupungua. Siwezi kuiita ugonjwa. Ni urithi uliochelewa kupewa habari mpya.

Mwingereza mwingine, Grantly Dick-Read, alikuwa na maelezo yake. Katika kitabu chake cha 1942 kuhusu kuzaa bila hofu alieleza duara: woga hukaza misuli, misuli iliyokazwa huongeza maumivu, maumivu huzidisha woga. Mkunga yeyote mzoefu atamkubalia. Alipotea pale alipodhani kwamba woga huu umeletwa na ustaarabu wa Ulaya, na kwamba mwanamke wa jamii alizoziona za kale huzaa bila kutetemeka. Angewauliza bibi zetu. Upare, kama jamii nyingi za Afrika Mashariki, iliwaogopa vigego, watoto walioota meno ya juu kwanza, na mapacha hawakupokelewa kwa vigelegele. Huko Mbaga mwamba wa Malameni unasimuliwa mpaka leo kuwa mahali watoto walipotolewa kafara. Mama wa wakati ule aliogopa maumivu, na zaidi ya maumivu aliogopa hukumu ya ukoo juu ya kile kitakachotoka tumboni. Kunyamaza kwake, ambako mgeni angekuita ujasiri, huenda kulikuwa tahadhari.

Wamisionari wa Leipzig walipanda milima hii na Biblia mwanzoni mwa karne ya 20, na ndani yake mna Hawa, aliyeambiwa kwamba atazaa kwa uchungu. Aya hiyo imewatosha wahubiri wengi kumwambia mwanamke avumilie. Jirani yake Mwislamu ana kisa kingine. Katika Sura ya Maryam, mama wa Isa anashikwa na uchungu peke yake kwenye shina la mtende, na anasema laiti angekufa kabla ya hayo akasahauliwa kabisa. Hakuna anayemkemea. Anaambiwa asihuzunike, anaonyeshwa kijito chini yake, anaambiwa alitikise shina tende mbivu zimwangukie, ale, anywe. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na kila mara nashangaa jinsi kilivyo cha vitendo. Anasema neno zito kuliko yote, na jibu ni maji na chakula.

Unyago wa pwani umesimama katikati ya visa hivi viwili. Mwali hufundishwa mwili wake kwa ngoma, nyimbo na vitendo. Mwali wa Kizaramo alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, amlee kama mtoto. Ni mazoezi ya uzazi kabla ya uzazi. Aidha hupata somo, mwanamke wa kumwendea miaka yote. Kasoro yake ni siri. Mwenye kuogopa kupita wenzake hana nafasi ya kusema, kwani ngoma inasifu anayestahimili. Uswidi imegeuza mambo: hospitali zake nyingi zina kliniki ziitwazo Aurora, ambako mkunga huketi na mjamzito mwenye hofu, akamsikiliza na kupanga naye uzazi wake. Mjamzito wa Aurora anaruhusiwa kusema kila kitu, kwa miadi. Mwali ana mtu wa maisha yote, asiyeambiwa kila kitu. Nikilazimishwa kuchagua, ningemchukua somo na kumfundisha kusikiliza.

Lakini kuna hofu ambayo somo wala Aurora hawaiwezi: ya jinsi mjamzito atakavyotendewa kituoni. Ukishuka kutoka Same kuelekea Tanga unapita Korogwe. Utafiti uliochapishwa 2014, uliofanyika Korogwe na Muheza, ulionyesha kwamba asilimia 19 ya wanawake walisema walidharauliwa au kutendewa vibaya walipojifungua; walipoulizwa tena majumbani baada ya wiki kadhaa, waliosema hivyo walifika asilimia 28. Mradi wa Staha ukawakutanisha jamii na wahudumu wakatunga mkataba wa huduma, na malalamiko yakapungua sana. Kigoma nako, kati ya 2016 na 2018, wajawazito wa vituo kadhaa waliruhusiwa kuingia chumba cha kujifungulia na mwenza waliyemchagua wenyewe.

Namba 115 ya mpango wa m-mama, ya kuitia usafiri wa dharura, imejibu hofu ya barabara. Ile nyingine inamsubiri mjamzito mlangoni pa wodi, ambapo katika vituo vingi dada au mama mkwe aliyeshuka naye kutoka mlimani huambiwa abaki nje, na beseni na khanga zake.