Bagamoyo, Mji wa Mwalimu Mtoro

Yako mataifa yatunzayo miji ya waandishi wao kama mtu atunzavyo hati ya shamba lake. Katika Marekani, kwenye jimbo la Nebraska, uko mji mdogo uitwao Red Cloud. Nchi ile ni mbuga pana ya majani, mbali sana na bahari. Mwaka 1884 alihamia mjini humo pamoja na wazazi wake mtoto mwanamke, jina lake Willa Cather. Alipokuwa mtu mzima aliandika vitabu juu ya wakulima waliotoka nchi za Ulaya wakaja kuvunja udongo wa mbuga ile. Kimoja cha vitabu hivyo, My Ántonia, kilitoka mwaka 1918, na watu wakakipenda mno. Mwandishi mwenyewe alifariki mwaka 1947 katika mji wa New York, lakini nyumba ya utoto wake imehifadhiwa. Wasomaji husafiri kutoka mbali, kitabu mkononi, wakatafuta nyumba na njia walizozisoma. Hawaendi kwa ajili ya mbao na matofali. Waenda kuonana na watu waliowajua kwanza kwa maandishi.

Basi twajiuliza: je, sisi wa pwani hii tunao mji wa namna hiyo, ambao twaweza kuuzuru na kitabu mkononi? Tunao. Mji huo ni Bagamoyo, na mwandishi wake ni Mwalimu Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Wengi wetu twaujua mji. Wachache wamjua mtu. Kwa hiyo twataka kuvieleza vyote viwili pamoja, maana kimoja bila kingine ni kama mtungi bila maji.

Tuanze na mji. Bagamoyo ni mwendo wa kiasi cha kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Njia yapita Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga, katikati ya minazi na miembe. Kabla ya kuingia mjini, msafiri hupinda upande wa pwani kwenda Kaole. Huko yako magofu ya msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, na makaburi yenye nguzo ndefu. Mji wa Kaole ulikuwa na maisha yake karne nyingi kabla ya Bagamoyo kupata sifa. Bahari iliyoleta majahazi yake sasa imefichwa na mikoko.

Kutoka Kaole twaingia Bagamoyo penyewe. Iko Ngome Kongwe, ambayo asili yake ni nyumba ya Mwarabu Abdallah Marhabi, iliyojengwa yapata mwaka 1860. Iko nyumba ya misafara, mahali walipofikia wapagazi. Iko Boma ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Boma hiyo ilijengwa mwaka 1897. Yako majumba ya mawe yenye milango ya kuchongwa, mengine mazima na mengine yamebomoka. Na upande wa kaskazini iko misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao walikusanya watumwa waliokombolewa na kuwapa kijiji chao. Hapo ndipo ulipowekwa mwili wa Dr. Livingstone mwezi wa Februari 1874, ulipoletwa na kina Susi na Chuma, nao waliuchukua kwa miguu kutoka bara miezi mingi.

Sababu ya mji huu kuwa mkubwa ilikuwa njia ya bara. Njia ile ilitoka Ujiji, kwenye ziwa la Tanganyika, ikapita Tabora, ikaishia hapa, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000. Wanyamwezi na watu wengine waliteremka na pembe za ndovu mabegani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Wako pia walioteremka katika minyororo. Watu wengi husema kwamba jina la Bagamoyo latokana na maneno «bwaga moyo»: mpagazi aliutua moyo wake pamoja na mzigo, kwa furaha ya kufika, naye mtumwa aliuacha moyo wake hapa, kwa kukata tamaa ya kurudi kwao. Neno ni moja, na maana hizo mbili zategemea ni nani anenaye.

Haya yote mgeni aweza kuyaona au kuelezwa kwa muda wa siku moja. Lakini atazamaye kuta tu hataweza kujibu maswali haya: Mtoto aliyezaliwa katika nyumba hizi alipewaje jina? Alipelekwa chuoni kwa desturi gani, na mwalimu alipewa nini? Mchumba aliposwa vipi? Mtu akidaiwa asiwe na mali alifanywa nini? Ngoma gani zilipigwa, na nani alikatazwa kuzicheza? Mawe hayasemi. Wazee waliojua wamekwisha kufa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na desturi za watu ni mali.

Daftari la mali hiyo ndilo kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Kilichapwa Göttingen, katika Ujerumani, mwaka 1903, kwa Kiswahili, na mwaka huo huo kikatoka kwa Kijerumani pia. Aliyekitengeneza na kukitoa ni Carl Velten, Mdachi aliyekuwa kwanza mkalimani wa serikali katika pwani yetu. Lakini sehemu kubwa ya habari zake ilitoka kwa Mwalimu Mtoro. Kitabu chaanza na mimba na uzazi, chapita katika chuo, jando na unyago, chaingia katika posa na arusi, ngoma na pepo, chaeleza kazi ya majumbe, safari za bara na biashara, madeni na mirathi, hata chafika kwenye kifo na matanga. Yaani mtu hufuatwa tangu tumboni mwa mama yake mpaka kaburini, na njiani mji mzima huonekana.

Hatuna budi kusema wazi kwa nini kitabu hiki kilitengenezwa. Hakikukusudiwa wanafunzi wa Bagamoyo. Kilikusudiwa Wadachi waliojifunza Kiswahili ili waje kutawala au kufanya kazi huku. Wao walitaka kuwajua watu ili wapate kuwatawala vema. Lakini maandishi yana tabia hii, kwamba hayabaki mikononi mwa yule aliyeyaagiza. Wadachi waliondoka katika vita kuu ya kwanza, na utawala wao ukaisha kabisa. Maneno ya Mtoro yamebaki, na leo ni sisi tunaoyahitaji zaidi kuliko wao. Mwaka 1981 kitabu kilitolewa kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya J. W. T. Allen, na tangu hapo wanavyuoni wa nchi nyingi wamekitumia.

Iko sehemu moja ambayo msomaji aisome polepole, nayo ni ile ya utumwa. Mtoro hakuificha. Aeleza jinsi mtu alivyopata kuwa mtumwa, na tofauti ya mzalia na yule aliyenunuliwa, na namna mtumwa alivyopaswa kujiweka mbele ya muungwana. Aliandika wakati ambapo utumwa ulikuwa bado haujaondolewa katika sheria za nchi. Uliondolewa mwaka 1922 chini ya Waingereza. Naye aliandika kama muungwana wa mji aliyezoea kuyaona mambo haya kila siku. Kwa hiyo tukisoma, tusikubali tu. Tuulize pia kama yule mtumwa mwenyewe, angalipewa kalamu, angaliandika maneno yale yale. Kuuliza hivyo si kumvunjia heshima Mwalimu Mtoro. Ni kuitimiza kazi yake, maana bila yeye tusingalijua hata la kuuliza.

Sasa tuyatazame maisha yake. Alikuwa mtoto alipoyaona misafara ikiingia mjini. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini vita vya Abushiri vilipotokea mwaka 1888, wenyeji wa pwani walipokataa kutwaliwa na kampuni ya Wadachi, na manowari zikaupiga mji mizinga. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Baada ya vita Bagamoyo ulikuwa makao ya serikali ya Wadachi kwa muda mfupi, mpaka yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Mtoro akatumika katika serikali hiyo mpya kwa kazi ya kutoza kodi. Tena alisafiri katika Udoe na Uzigua, akaandika habari za safari hiyo, nazo zikachapwa na Velten mwaka 1901.

Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki. Fikirini jambo hili, enyi wanafunzi: mtu wa Dunda amesimama mbele ya Wadachi, akiwasahihisha ngeli na matamshi, akiwafundisha adabu ya kuamkiana. Wao walitawala nchi yake, lakini darasani mwenye lugha alikuwa yeye.

Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kidachi, Bertha Hilske. Mwaka 1905 akataka kurudi kwao pamoja na mkewe. Wakapanda meli, wakavuka bahari, wakaifikia pwani hii. Lakini serikali ya Gavana von Götzen haikumruhusu kushuka na mke wake mzungu. Wakubwa wa koloni waliogopa kwamba ndoa ile itashusha heshima ya wazungu machoni pa wenyeji. Basi mtu aliyeieleza pwani kuliko wote aliizuiliwa pwani yenyewe. Mume na mke wakarudishwa Ujerumani. Tangu mwaka 1909 alifundisha Hamburg, chini ya mtaalamu wa lugha za Kibantu Carl Meinhof, kisha akaishi Berlin, na huko alifariki mwaka 1927.

Mwaka huo wa 1905 ulikuwa mzito kwa njia nyingine. Kusini ya nchi vita vya Majimaji vilianza. Na katika Dar es Salaam kazi ya kujenga reli ya kati ilianza. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliokuwa ukichukuliwa mabegani kwa miezi sasa ulichukuliwa na gari la moshi kwa siku chache, nao haukupita Bagamoyo tena. Kwa hiyo mlango ule mmoja ulifungwa mara mbili: mwandishi alizuiliwa asirudi katika mji wake, na mji wenyewe ukaanza kuachwa na njia iliyoulisha. Bagamoyo ambao Mtoro aliuandika haungekuwapo tena, hata kama angalishuka.

Hapo ndipo twaona thamani ya kazi yake. Aliuandika mji wake katika saa ya mwisho iliyowezekana. Lau angalichelewa miaka ishirini, angalieleza mambo ya kusikia, si ya kuona.

Siku hizi serikali huyatunza magofu na majumba ya kale kwa sheria. Sheria ya kwanza ya kuhifadhi majengo ya kale ilitoka mwaka 1937, na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 ikafuata baada ya uhuru. Mwaka 2006 njia ya misafara, ambayo Bagamoyo ni mwisho wake, ilitiwa katika orodha ya mahali ambapo Tanzania yaomba pawe urithi wa ulimwengu. Hayo ni mema, nasi twashukuru. Lakini jiwe likitunzwa na maneno yakisahauliwa, tutakuwa tumehifadhi ganda na kutupa kokwa.

Kwa hiyo twatoa shauri, hasa kwa walimu. Mpelekapo wanafunzi Bagamoyo, wasomeeni kwanza sura chache za habari zilizoandikwa na Mtoro. Mkifika penye msikiti, someni habari za chuo. Mkifika penye nyumba ya misafara, someni habari za safari za bara. Mkisimama pwani, mahali mizigo na watu walipopakiwa, someni sura ya utumwa, kisha mkae kimya kidogo. Ndipo kuta zitakapoanza kunena.

Na jambo la pili ni hili: Mtoro hakuwa mfalme wala tajiri. Alikuwa mwana wa mji aliyejua kusoma na kuandika, akaona kwamba mambo ya kila siku, kama vile kutoa salamu, kuoza binti na kuzika maiti, yastahili wino. Kila kijiji kina mambo hayo, na kila kijiji leo kina mtu ajuaye kuandika. Bibi aliyekaa barazani anazo sura za kitabu ambazo hakuna mwingine awezaye kuziandika baada yake. Basi mwanafunzi achukue daftari, aketi karibu naye, aulize kwa adabu, na aandike kama anavyoambiwa. Mwalimu Mtoro hakuruhusiwa kushuka pwani yake. Sisi tulioko pwani, na tuliopo bara, hakuna atuzuiaye.