Kukwama, kulika, kukatika: vitenzi vya parafujo isiyofunguka

Parafujo ni msumari wenye hesi, yaani mfereji unaoupanda mwili wake kwa kuzunguka, kama barabara inavyoupanda mlima. Neno lenyewe ni la Kireno, parafuso, na ni la ukoo mmoja na meza na leso. Skrubu, bolti, nati na spana yalitoka katika Kiingereza pamoja na mashine. Bolti kwa kawaida ni nene, na kichwa chake chenye pembe 6 hushikwa kwa spana. Skrubu huzungushwa kwa bisibisi. Gereji za bara, za Kasulu na Kibondo zikiwamo, zimezoea bolti na skrubu kuliko parafujo, na hesi huitwa pia thredi.

Katika nyanda hizo za juu za Kigoma majina huongezeka kwa sababu nyingine. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imehifadhi wakimbizi wa Kongo tangu 1996, na ile ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena 2015 kwa ajili ya Warundi. Fundi aliyejifunzia kazi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika aliyapokea majina ya vifaa kutoka Kifaransa: kwake parafujo ni vis na bisibisi ni tournevis, yakitamkwa kwa ulimi wa Kibantu. Mwalimu hana sababu ya kuyahesabu hayo kuwa makosa. Ni majina tu, na kitu kikiwa mezani hakuna anayekosea.

Vitenzi ni jambo jingine. Barabara za udongo mwekundu, mvua zinazoanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili, baiskeli zinazobeba mikungu ya ndizi, pikipiki na mashine za kusaga: hayo yote huzalisha bolti zisizofunguka. Fundi akiambiwa tu kwamba bolti "imeharibika", hajaambiwa kitu. Kiswahili kina kitenzi kwa kila hali, na kila hali ina dawa yake. Mfasiri wa kitabu cha mafunzo akikosea kitenzi, mwanafunzi atachukua chombo kisichofaa.

Kukwama. Bolti iliyokwama ni nzima. Kichwa kipo, hesi zipo, ila haisogei. Mara nyingi mkosaji ni kutu, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hujaza upenyo wote uliokuwa kati ya hesi na tundu. Kinyume chake ni kukwamua, kwa kauli ya kutendua, ile iliyotupa pia kunasua, kuzibua na kufungua. Lakini kukwamua si kufungua. Kukwamua ni kuuvunja mshiko: kutia mafuta mepesi na kuyapa muda yapenye, kugonga kichwa kwa nyundo, kupasha moto, kisha kuirudisha bolti mbele na nyuma kidogo kidogo. Kufungua huja baadaye, bolti ikiisha kukubali. Maandishi yanayotumia "legeza" kwa hatua zote mbili humhimiza msomaji aongeze nguvu pale anapopaswa kusubiri, na nguvu hiyo ndiyo inayoikata bolti. Moto nao una maelezo yake: alumini ikipashwa hutanuka karibu mara 2 ya chuma, kwa hiyo bolti ya chuma iliyokwama katika injini ya alumini huachiliwa kwa kupasha kile kinachoizunguka, wala si bolti yenyewe.

Kulika. Hapa kilichoharibika ni mahali pa kushikia: pembe za kichwa zimekuwa mviringo, au msalaba wa skrubu umegeuka shimo. Tutofautishe kulika na kuliwa. "Bolti imeliwa na kutu" humtaja mtenda. "Kichwa kimelika" hutaja hali tu, na ndiyo kauli inayofaa pale ambapo chombo, mkono na muda vimeshirikiana. Mfano wake mzuri ni pikipiki za Kijapani. Skrubu zake nyingi zimechongwa msalaba wa kipimo cha Kijapani, ambao kwa macho haupambanuki na ule wa bisibisi ya nyota ya kawaida. Bisibisi hiyo haikai sawasawa ndani yake, hupanda na kuteleza, na kila inapoteleza hula kidogo. Kichwa kilicholika kinaweza kuchongwa mfereji mpya kwa msumeno wa chuma, au kushikwa kwa koleo la kujifunga, au kuunganishiwa nati kwa kuchomelea. Hali hii isichanganywe na ya hesi kulika: hapo bolti huzunguka bure, haikazi wala haitoki.

Kukatika. Fundi husema bolti imekatika, kama kamba au waya. Na Kiswahili huongeza jambo ambalo mfasiri asilipoteze: "imekatika kichwa" si sawa na "imekatikia ndani". Kauli ya kutendea katika kukatikia hutaja mahali. Ya kwanza huenda imeacha kisiki kinachoweza kushikwa. Ya pili imezama, haina pa kushika, na hapo ndipo panapohitajika chombo ambacho kazi yake ni hiyo tu.

Chombo hicho ni kipande cha chuma kigumu, chembamba nchani na kinene juu, chenye hesi za kushoto. Kwanza kisiki hutiwa alama katikati kabisa. Kisha hutobolewa kwa keekee, tundu likiwa yapata nusu ya unene wa bolti: kwa bolti ya milimita 8, milimita 4 hivi. Chombo hugongwa taratibu ndani ya tundu, halafu huzungushwa kinyume cha saa. Kwa kuwa hesi zake ni za kushoto, kadiri kinavyozungushwa ndivyo kinavyozidi kuuma, na mwelekeo huo huo ndio unaoifungua bolti.

Kiiteje? Wengi hukimbilia "king'oa bolti". Mimi sikipendi kitenzi hicho hapa. Kung'oa ni kuvuta kwa nguvu kilichoshikilia: jino, kisiki cha mti, msumari. Chombo hiki hakivuti. Kinafungua, polepole, kile ambacho spana haiwezi tena kukishika. Tuchukue agizo kama "ingiza kifaa, kisha ng'oa bolti". Mwanafunzi atakivuta, na kitatoka mikono mitupu. Au atakizungusha kwa pupa kabla bolti haijakwamuliwa, na chombo kitavunjika. Nasema kitavunjika, si kitakatika: chuma kilichofanywa kigumu hakipindi kwanza, hupasuka kama chungu, na kipande chake kikibaki ndani ya tundu, keekee ya kawaida haikitoboi. Kuanzia hapo injini iliyohitaji bolti moja huenda ikahitaji karakana ya mjini. Kwa mfano wa kizibuo mtu angeweza kuunda "kikwamuo", nalo ni neno lenye sura njema, ila litahitaji kufafanuliwa kila linapotokea. Katika maandishi ya kazi, "kifaa cha kufungulia bolti zilizokatika" ni kirefu lakini hakimwachi mtu njiani.

Limebaki suala la mwelekeo. "Kushoto" na "kulia" hayatoshi, maana kitu kinapozunguka, upande wake wa juu ukienda kulia wa chini huenda kushoto, na fundi aliyelala chini ya lori huona yote yamegeuka. Afadhali "mwelekeo wa saa" na "kinyume cha saa", na iongezwe "ukiitazama bolti kutoka upande wa kichwa". Hata hivyo mfasiri asidhani kwamba kinyume cha saa daima ni kufungua. Pedali ya kushoto ya baiskeli ina hesi za kushoto, ili isijilegeze wakati wa kuendesha. Ukisimama upande wake na kuizungusha kinyume cha saa, unaikaza.